Shajara ya mradi: benchi la kupima foleni za pakiti

3 Februari. Swali na vifaa

Kuanzia leo shajara hii itafuata ujenzi wa benchi la majaribio katika maabara yetu ya utafiti wa mitandao ya kompyuta hapa chuoni. Naiandika ili mwenye kompyuta nne za zamani na kebo chache aweze kujenga lake kwa kufuata hatua zetu, na zaidi ili asipoteze siku pale tulipopoteza sisi. Hatua za kawaida nitazipita haraka. Makosa nitayaeleza kwa kirefu.

Swali letu ni hili: kiungo kikibanwa, pakiti (vile vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni) hukaa foleni kwa muda gani, na namna ya kuisimamia foleni hiyo hubadilisha nini? Hali yenyewe kila mtu ameshakutana nayo. Unaongea na mtu kwa video, mwenzako ndani ya nyumba anapandisha faili kubwa, sauti inaanza kukatika. Watu husema mtandao umepungua. Mara nyingi kasi iko palepale. Kilichoongezeka ni foleni ndani ya kile kifaa cha mlangoni, na sauti yako imepangwa nyuma ya faili la mwenzako.

Msongamano ni tatizo la siku nyingi. Oktoba 1986 kiungo kati ya Lawrence Berkeley Laboratory na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yaliyoachana kwa yadi 400 tu, kiliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson alilifuatilia jambo hilo, na mwaka 1988 akaeleza namna mtumaji anavyopaswa kupunguza mwendo aonapo pakiti zinapotea. Mwaka 2012 Jacobson huyohuyo, safari hii pamoja na Kathleen Nichols, alileta CoDel, kanuni isiyojali foleni ni ndefu kiasi gani bali pakiti imekaa humo muda gani. Tunataka kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi mbele ya macho yetu. Programu ya kuigiza mitandao, ns-3, tunaitumia pia, lakini humo hamna kebo mbovu, hamna kadi inayofanya mambo kimyakimya, wala prosesa inayozidiwa.

Vifaa: kompyuta 4 zilizoondolewa chumba cha mafunzo (tumezipa majina A, B, C na D), zote zina toleo lilelile la mfumo endeshi wa Linux, la zamani kidogo, swichi 1, kadi za mtandao za gigabiti 1. Kila kompyuta ina kadi moja ya usimamizi inayoingia kwenye swichi, na kadi nyingine za vipimo zinazounganishwa moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta. Tafadhali usiunganishe mtandao wa usimamizi na wa vipimo. Amri unazotuma kwa mbali ni pakiti pia, nazo zitaingia kwenye vipimo vyako.

Mpango wa kwanza: A anatuma, B yuko katikati kama ruta, C anapokea, D anatoa amri. Mpango huu ulikuja kubadilika. Anayeiga asome kwanza ya 24 Februari.

6 Februari. Megabiti 94.1

Kuunganisha kulichukua asubuhi moja: anwani, njia, kuiruhusu B ipitishe pakiti za wengine. Mchana tukawasha `iperf3`, programu ya kupima kasi, kutoka A hadi C tukitarajia megabiti 941 kwa sekunde. Tukapata 94.1.

Kwa nini 941 na si 1,000? Kila fremu (pakiti ikiwa imefungashwa kwa safari ya kwenye waya) iliyojaa hubeba baiti 1,500, lakini kwenye waya hutumia nafasi ya baiti 1,538 ukihesabu kichwa cha Ethernet (maelezo yanayotangulia data kwenye kebo), alama ya ukaguzi, baiti za kuamshia na ule mwanya wa kupumulia kati ya fremu na fremu. Katika zile 1,500, vichwa vya IP (kanuni ya kuelekeza pakiti) na TCP (kanuni ya kuhakikisha zimefika), pamoja na muhuri wa wakati, huchukua 52. Data halisi ni baiti 1,448. Gawanya 1,448 kwa 1,538 upate 0.941. Namba hii iweke kichwani, maana ndiyo itakayokuambia kama benchi ni zima.

Na ndiyo iliyotuambia kosa liko wapi. Sehemu ya kumi kamili ya 941 si bahati mbaya. `ethtool`, amri ya kukagua kadi za mtandao, upande wa B ikaonyesha kiungo kimekubaliana megabiti 100. Ethernet ya gigabiti 1 inahitaji jozi zote 4 za nyaya ndani ya kebo. Ya megabiti 100 inatosheka na jozi 2. Nilikitazama kichwa cha kebo kwenye mwanga wa dirisha: waya mmoja wa kahawia ulikuwa umeishia njiani, kama milimita mbili kabla ya kufika kwenye meno ya shaba. Kebo hiyo tuliibana wenyewe. Kadi zilikosa jozi moja, zikashuka megabiti 100 bila kulalamika, na taa ya kijani ikaendelea kuwaka kama kawaida.

Gharama: nusu siku, vichwa 2 vya kebo. Sasa kila kebo inapimwa peke yake kabla ya kuingia kwenye benchi.

10 Februari. Kitanzi kwenye swichi

Saa tisa alasiri kompyuta zote nne zilipotea kwa mpigo. Hakuna iliyojibu `ping` (programu inayotuma pakiti ndogo na kupima muda wa jibu), hata zile zilizoachana kwa kebo ya mita moja. Mwanafunzi mmoja aliniita karibu na swichi: taa zote zilikuwa zikipepesa kwa pamoja, haraka sana, kama moja. Kwa siku ya kawaida kila taa hupepesa kwa mwendo wake.

Mtu alikuwa amepanga kebo vizuri, akaikuta moja ncha inaning'inia, akaichomeka. Ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi hiyohiyo. Pakiti ya IP ina hesabu inayopungua kila inapovuka ruta, ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Ethernet haina kitu hicho. Fremu moja ya matangazo, yaani inayotumwa kwa wote, ikiingia kwenye kitanzi huzunguka bila mwisho, na kila mzunguko hutoa nakala kwenye kila mlango. Radia Perlman alipata dawa ya hili mwaka 1985 alipokuwa kwenye kampuni ya Digital Equipment Corporation: swichi zizungumze zenyewe, zijenge mti usio na kitanzi, na milango inayoleta kitanzi ifungwe. Swichi yetu ni ya bei ya chini, haina huo uwezo.

Tulichomoa kebo moja moja mpaka taa zikatulia. Kipimo kilichokuwa kikiendelea kilikufa. Tumeazima swichi nyingine yenye uwezo huo, tumeuwasha, na tumezifunga kebo utepe wa rangi: nyekundu usimamizi, buluu vipimo. Aliyechomeka kebo hakulaumiwa, kwa sababu hakukuwa na alama yoyote ya kumwonya. Gharama: alasiri moja na kipimo cha saa mbili.

17 Februari. Siku tatu za kumsingizia CUBIC

Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi kuliko popote.

Kuigiza umbali tunatumia `netem`, chombo kilichomo ndani ya Linux kinachoishikilia kila pakiti kwa muda unaoutaja. Tulitaka milisekunde 50. Kwanza tuliiweka kwa mtumaji, A. Usifanye hivyo. Kiini cha Linux, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, hufuatilia pakiti ngapi za TCP zimekaa kwenye foleni ya kadi yake na huacha kutoa nyingine zikizidi. Zile zinazoshikiliwa na `netem` kwenye kompyuta hiyohiyo huhesabika kama bado hazijatoka, basi mtumaji anajizuia mwenyewe. Tuliihamishia B.

Baada ya hapo kasi ikawa ya kubahatisha: saa nyingine megabiti 600, saa nyingine 300, saa nyingine 150. CUBIC, kanuni ya msongamano ambayo Linux huitumia bila kuambiwa tangu 2006, ndiyo iliyokuwa ikitumika, na sote tukaanza kuieleza. Mmoja alisema haiwezi umbali mrefu. Mimi niliandika kurasa mbili za daftari juu ya umbo la mkunjo wake. Mwalimu msimamizi alipita, akasoma, akauliza swali moja: "Pakiti zinatupwa wapi?" Hatukuwa na jibu.

Tulipoanza kunasa pakiti pale B tuliona jambo la pili. Kiungo kinabeba baiti 1,500 kwa pakiti, lakini programu ya kunasa ilikuwa inaonyesha pakiti za baiti elfu ishirini, elfu arobaini na zaidi. Hazikuwepo kwenye waya. Ili kuipunguzia prosesa kazi, mtumaji huipa kadi bonge moja la data na kadi ndiyo hulikatakata. Upande wa kupokea, pakiti zinazofuatana huunganishwa tena kuwa bonge kabla ya kiini kuziona. Kwa seva ya kawaida huo ni msaada mkubwa. Kwa anayepima foleni ni hatari, maana foleni inahesabu mabonge huku wewe ukidhani inahesabu pakiti. Tulizima yote kwenye kadi zote za vipimo:

`ethtool -K eth1 tso off gso off gro off`

Baada ya kuzima, kasi ilizidi kushuka, na hapo ukweli ukajitokeza. Amri ya `tc -s qdisc show`, inayotoa takwimu za foleni, pale B ilionyesha maelfu ya pakiti zilizotupwa na `netem` yenyewe. Usipoiambia vingine, `netem` hushika pakiti 1,000 tu kwa wakati mmoja. Fanya hesabu: gigabiti 1 kwa sekunde mara sekunde 0.05 ni megabiti 50 zilizo njiani, yaani zaidi ya pakiti 4,000. Kikapu cha 1,000 kilikuwa kikimwagika. Pakiti 1,000 kwa kila milisekunde 50 ni kama megabiti 242 kwa sekunde na haipiti hapo. Kabla ya kuzima mabonge, kila bonge lilihesabiwa kama pakiti moja, ndiyo maana kasi ilikuwa ikiruka kulingana na ukubwa wa mabonge ya dakika ile. CUBIC haikuwa na kosa. Ilikuwa inaona pakiti zinapotea na inapunguza mwendo kama inavyotakiwa.

Marekebisho: `limit 10000` kwenye `netem`. Hata hivyo kasi haikufika 941 mpaka tulipopandisha pia bafa za TCP (nafasi za kumbukumbu za kushikia data) za mtumaji na mpokeaji, kwa sababu kwenye toleo letu ukomo wa kawaida wa kutuma ni megabaiti 4 na wa kupokea 6, na zilizo njiani tu ni megabaiti 6.25. Tumeweka 32. Kipimo cha kwanza baada ya hapo: 941.

Gharama: siku tatu za watu watatu. Kurasa zangu mbili nimeziacha daftarini kama zilivyo, na pembeni nimeandika lile swali la Mwalimu.

20 Februari. Diski imejaa

Kunasa kila kitu kwa gigabiti 1 ni megabaiti 125 kila sekunde. Dakika moja ni gigabaiti 7.5. Diski ya D ilijaa katikati ya kipimo cha usiku. Tunachohitaji ni vichwa tu, na kichwa cha Ethernet, IP na TCP kikiwa na nyongeza zake zote za TCP hakizidi baiti 94. Sasa `tcpdump`, programu yetu ya kunasa, inanasa baiti 96 za mwanzo za kila pakiti (`-s 96`). Faili zimepungua zaidi ya mara kumi. Gharama: usiku mmoja.

24 Februari. Pakiti iliyofika kabla ya kutumwa

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayenisaidia uchambuzi alinipigia simu usiku. "Kaka, kuna pakiti zimefika kabla hazijatumwa." Alikuwa sahihi. Tulipoiondoa `netem` ili kupima kiungo kitupu, safari ya kwenda kutoka A hadi C ilisomeka milisekunde hasi 0.3.

Muda wa kutuma unaandikwa na saa ya A, wa kufika na saa ya C. Saa ya kompyuta ni kijiwe cha madini ya quartz, na hitilafu ya sehemu 20 kwa milioni, ambayo ni ya kawaida kabisa, inatosha kuipeleka mbele au nyuma kwa sekunde 1.7 kwa siku. NTP, itifaki ya kupatanisha saa kupitia mtandao, ilikuwa ikizirekebisha, lakini kwa kiwango chake, na safari ya pakiti kwenye kebo ya mita mbili ni ndogo kuliko kosa lililobaki. Ipo itifaki ya PTP, IEEE 1588, inayopatanisha saa kwa usahihi mkubwa zaidi, ila kufikia usahihi huo inataka kadi inayoweza kupiga muhuri wa wakati yenyewe. `ethtool -T` ilisema kadi zetu haziwezi.

Basi tukageuza mpango: mtumaji na mpokeaji wawe kompyuta moja, D, yenye kadi mbili za vipimo. Pakiti itatoka kadi ya kwanza, izunguke benchi zima, irudi kadi ya pili. Saa ni moja, ugomvi wa saa umeisha.

Kipimo cha kwanza kilitoa gigabiti 31 kwa sekunde kwenye kadi ya gigabiti 1. Niliinama chini ya meza kutazama kadi: taa za njano zilikuwa zimetulia kabisa, hakuna hata moja iliyopepesa. Linux inapoona anwani ya kwenda ni yake yenyewe, huipitisha pakiti ndani kwa ndani, haiipeleki kwenye waya. Dawa ni kuzitenga kadi mbili katika majina-nafasi tofauti ya mtandao kwa `ip netns`, kila upande uwe na anwani zake na njia zake kama kompyuta mbili zisizojuana. Baada ya hapo taa zikaanza kupepesa, na namba ikawa 941. Safari ya kwenda sasa haisomeki hasi hata mara moja.

Mpango mpya ndio wa kuigwa:

D (upande wa kutuma) → B → C → D (upande wa kupokea). A anatoa amri.

Gharama: siku mbili, kadi 1 ya ziada kwa D na nyingine 1 kwa C. Faida ambayo hatukuitazamia ni kwamba C amebaki huru, na wiki iliyofuata tulimhitaji.

1 Machi. Foleni na umbali haviwekwi mahali pamoja

Tulianza vipimo vya foleni vyenyewe. B alipaswa kubana kiungo kiwe megabiti 10, kuweka foleni, na papo hapo kuigiza milisekunde 50 za umbali, vyote kwenye kadi moja. Matokeo yalikuwa yakibadilika kulingana na kipi tumekitanguliza. Pakiti zilizokuwa zikisubiri ili kuigiza umbali zilichanganyika na zilizokuwa zikisubiri zamu yao, na hakuna aliyeweza kutenganisha ipi ni ipi.

Tukamgawia C kazi ya umbali peke yake, na B kazi ya kubana na foleni peke yake. Kwa kuwa pakiti zinafika kwa C zikiwa zimeshabanwa hadi megabiti 10, kikapu cha `netem` hakijai. Saa moja ya kuhamisha mipangilio, na mkanganyiko wote ukaisha.

3 Machi. Sekunde 1.26

Hiki ndicho tulichokijengea benchi.

B: kiungo cha megabiti 10, foleni ya kawaida ya anayetangulia ndiye anayetoka, nafasi ya pakiti 1,000. Kwenye karatasi tuliandika kwanza: pakiti moja iliyojaa huchukua milisekunde 1.21 kutoka kwenye kiungo hicho. 1,000 zikijipanga ni sekunde 1.21, ongeza milisekunde 50 za umbali, jumla 1.26. Kisha tukawasha `ping` kwenye dirisha moja na upandishaji mmoja wa faili kwenye dirisha la pili.

Mstari wa kwanza, milisekunde 51. Kisha ikaanza kupanda, kidogo kidogo halafu kwa haraka: mia, mia tatu, mia saba. Chumba kilinyamaza. Ilivuka elfu moja, ikagusa 1,260, pakiti ya kwanza ikatupwa, ikashuka. CUBIC ikiona upotevu hubakiza asilimia 70 ya dirisha lake (kiasi cha data inachoruhusu kiwe njiani), kwa hiyo foleni haikuisha. Ilirudi kama sekunde 0.88 ikaanza kupanda upya. Kupanda, kushuka, meno ya msumeno, muda wote faili lilipokuwa likipanda. Na kasi ya faili lenyewe ilikuwa nzuri kabisa, karibu megabiti 9.6. Ukiulizwa na programu ya kupima kasi, kiungo hiki hakina tatizo lolote. Ukijaribu kuongea juu yake, mwenzako anakusikia baada ya zaidi ya sekunde.

Tukabadilisha mstari mmoja tu pale B: tukaondoa `pfifo`, ile foleni ya kawaida, tukaweka `fq_codel`. Hiyo ni CoDel ikiunganishwa na kugawa foleni kwa kila mtiririko, kama ilivyoelezwa katika RFC 8290 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya 2018. Mitiririko midogo kama `ping` au sauti hupata zamu yake bila kusimama nyuma ya faili, na mtiririko mkubwa ambao pakiti zake zimekaa zaidi ya milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100 huanza kutupiwa pakiti ili upunguze mwendo. Kipimo kilekile, faili lilelile: `ping` ilikaa kati ya 51 na 54. Kasi ya faili ilipungua kwa kiasi ambacho hukioni bila kutafuta. Tulirudia mara tatu kwa sababu hatukuamini, kisha mara ya nne kwa sababu mafundi wa maabara ya jirani walitaka kuona.

Kosa moja lilifuata. Tulipobana hadi megabiti 1, faili lilianza kuyumba. Kwenye kasi hiyo pakiti moja peke yake huchukua milisekunde 12 kutoka, huku `fq_codel` ikiambiwa zaidi ya 5 ni nyingi. Ni sawa na kumdai mtu afike kabla hajamaliza hatua ya kwanza. RFC yenyewe inalitaja jambo hili na kushauri kama milisekunde 15 kwa megabiti 1. Tumeweka `target 15ms`, ikatulia.

Kwa anayetaka kufanya hivi nyumbani: `fq_codel` inasaidia pale tu foleni inapojengeka ndani ya kifaa kilicho nayo. Kama foleni iko kwenye modemu iliyo mbele ya ruta yako, itabidi ubane ruta iwe chini kidogo ya kasi ya modemu, ili foleni ihamie mahali unapoweza kuisimamia.

7 Machi. Kipimo cha kwanza daima kilikuwa tofauti

Tulianza kulinganisha CUBIC na BBR, kanuni iliyotolewa na watafiti wa Google mwaka 2016, ambayo haisubiri upotevu bali inakadiria kasi ya kiungo na muda wa safari. Kila kanuni mara kumi mfululizo. Kwenye CUBIC, kipimo cha kwanza kiliondoka kwa kasi, tisa zilizofuata ziliondoka kwa kusitasita. Kubadilisha siku hakukusaidia.

Kiini cha Linux kina kumbukumbu. Muunganisho ukifungwa, huhifadhi kwa kila anwani ilichojifunza, ikiwemo kizingiti cha dirisha pale upotevu ulipotokea. Muunganisho unaofuata kwenda anwani hiyo huanza na kizingiti hicho. Matoleo mapya ya kiini hayakihifadhi tena usipoyaambia, lakini letu la zamani linahifadhi. Maana yake vipimo vyetu kumi havikuwa vipimo kumi huru. Cha pili kilikuwa kikirithi makovu ya cha kwanza. Mistari miwili inatosha:

`sysctl -w net.ipv4.tcp_no_metrics_save=1`
`ip tcp_metrics flush`

Viwekwe ndani ya kila jina-nafasi, si nje tu. Hilo nalo lilitugharimu saa nzima. Pia tumeacha kupima kanuni moja mara kumi kisha nyingine. Skripti sasa inachanganya mpangilio kwa bahati nasibu, ili joto la kompyuta au kazi nyingine ya saa fulani isimpendelee yeyote. Matokeo yote ya siku mbili za kwanza tumeyaweka kando kwenye folda iliyoandikwa "yasitumike". Hatukuyafuta, maana anayekuja anaweza kujifunza kwayo.

14 Machi. Mwingine amelijenga kwa kusoma tu

Tulimpa mwanafunzi ambaye hakushiriki kompyuta nne nyingine na shajara hii, tukamwomba asituulize kitu. Alikwama mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa langu la uandishi. Sikuwa nimeandika kwamba ruhusa ya B kupitisha pakiti hupotea kompyuta ikizimwa usipoihifadhi kwenye faili la mipangilio. Wala kwamba mipangilio ya `ethtool` nayo hupotea vilevile. Umeme ulikatika usiku wa kwanza, asubuhi akakuta benchi lake linatoa namba za ajabu: mabonge yamerudi.

Kwa sababu hiyo tumeandika skripti ya ukaguzi inayotangulia kila kipimo. Inaangalia kila kiungo kama kimekubaliana gigabiti 1. Mabonge kama yamezimwa pande zote. Kiungo kisichobanwa kama kinatoa kati ya 935 na 942. `Ping` ya benchi tupu kama iko ndani ya milisekunde moja ya tuliyoiweka. Na `netem` pale C kama imetupa pakiti sifuri. Moja likikosekana, kipimo hakianzi na sababu inaandikwa. Inachukua sekunde 40. Ingekuwepo tangu mwanzo, siku tatu za Februari zisingepotea.

Gharama zote mpaka leo: kompyuta 4 zilizokuwa zitupwe, kadi 2 za ziada, kebo 9 (moja imetupwa), vichwa 2 vya kebo, swichi moja ya kuazima, na takriban saa 190 za watu. Katika hizo, vipimo tunavyoviamini vimechukua saa 30.

18 Machi. ECN

Hatua inayofuata: badala ya kutupa pakiti ili kumwonya mtumaji, ruta iitie alama tu. Njia hiyo, ECN, iko katika RFC 3168 ya 2001, na `fq_codel` inaiweza bila kuongezewa chochote. Saa mbili za kwanza hakuna alama hata moja iliyotiwa. Tatizo liko upande wa mtumaji: thamani ya kawaida ya `tcp_ecn` kwenye Linux ni 2, yaani anakubali akiombwa ila yeye haombi. Pande zote mbili za D zilikuwa zikingojeana. Nimeweka 1 ndani ya majina-nafasi yote mawili na kuwasha upandishaji upya. Kwenye `tc -s qdisc show` ya B, namba ya `ecn_mark` imeanza kupanda, na ile ya zilizotupwa imesimama.